Pesa ya Nyanya Imekwenda Wapi? Maneno ya Mama Kuhusu Uhuru

(Nilizungumza haya kwenye kongamano la wanawake wa usharika, Ilula, mkoani Iringa, wiki ya kuelekea Sikukuu ya Uhuru. Nimeyaandika kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika.)

Bwana Yesu asifiwe! Kamwene!

Baba Mchungaji, Mama Mchungaji, wazee wa kanisa, kina mama wenzangu wa Ilula, nyie mliotoka Image na Mazombe, na nyie mliopanda na jua lote kutoka Mtandika, karibuni sana. Kina baba wachache mlioketi kule nyuma karibu na mlango, nawaona. Msikimbie, sijaja kuwasema. Nitawasema kidogo tu.

Nimepewa kuzungumzia uhuru katika familia na katika taifa, kwa kuwa tunaikaribia tarehe 9 Desemba. Kijana mmoja wa kwaya alinifuata akaniambia, "Mama, usisahau kusema kwamba uhuru una mipaka." Nikamwambia asante mwanangu. Lakini nimeangalia sana jambo hili: kila anayepewa kipaza sauti azungumzie uhuru huanza na mipaka, akaieleza mipaka, akafungia na mipaka, watu wakarudi nyumbani hawajaambiwa uhuru wenyewe ni kitu gani. Mipaka ipo. Acheni leo nianze na kitu chenyewe.

Ubeti wa pili wa wimbo wetu wa taifa unamwomba Mungu adumishe uhuru na umoja, na mstari unaofuata, palepale, unawataja wake, waume na watoto. Tumeuimba tangu darasa la kwanza, mikono ubavuni, macho mbele kwenye bendera, na sidhani kama wengi wetu tumewahi kujiuliza hao wake na waume na watoto wamefuata nini kwenye wimbo wa serikali. Mimi nimejiuliza, na jibu langu ni hili. Mwananchi hazaliwi kwenye ofisi ya kata. Anatoka nyumbani kwa mtu. Kama ametoka kwenye nyumba ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuuliza, atafika kwenye mkutano wa kijiji amefunga mdomo. Na yule atakayekaa meza ya mbele tukamwita kiongozi naye katoka kwenye nyumba ya namna ileile, hajawahi kuulizwa neno maishani mwake, kwa hiyo siku akiulizwa ataona ametukanwa. Hilo ndilo nililo nalo leo. Mengine yote nitakuwa nalizunguka hilohilo.

Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia, sura ya 5 mstari wa 13: "Maana ninyi, ndugu, mliitwa mpate uhuru, lakini uhuru wenu usiwe sababu ya kuufuata mwili, bali tumikianeni kwa upendo." Kijana wangu wa kwaya, mpaka wenyewe ndio huo, umenifanya niutaje mapema kuliko nilivyopanga. Lakini tazameni nani anamtumikia nani. Agizo limekwenda pande zote. Nyumba ambayo mmoja anatumikiwa na saba wanatumika haijalishika neno hilo, hata kama sala ya jioni haikosi.

Sasa tuje kwenye nyanya, maana hapa Ilula huwezi kusema neno la kweli ukaziruka nyanya.

Mama anaandaa kitalu. Anahamisha miche, anamwagilia, anapiga dawa huku kajifunga khanga puani kwa kuwa kinga hakuna. Anachuma. Matenga yanapangwa kando ya barabara, dalali anakuja na bei yake mfukoni, fuso linapakia kwenda Dar es Salaam. Mpaka hapo ni shamba la familia. Pesa ikishahesabiwa, ghafla limekuwa shamba la baba. Mama akiuliza, "Zimepatikana ngapi?" anajibiwa, "Unataka kunipanda kichwani?" Jioni ile kilabu cha ulanzi kinachangamka, na mwezi wa kwanza ukifika mtoto anakwenda shule bila sare kamili.

Sijasema kina baba wote. Wapo humu ndani wanaoiweka pesa mezani, wakahesabu na mke, wakapanga pamoja: hii ya mbolea, hii ya bima, hii tuweke. Tunawajua, na nyumba zao tunazijua hata kwa kupita nje. Na niseme upande wetu pia, kwa sababu haki ndiyo inayotupa ujasiri wa kusema. Mama naye siku ya kugawana kikoba anarudi nyumbani kimya, pesa kaikunja ndani ya kitenge, akiulizwa anasema "mwaka huu hatukupata kitu." Anaogopa, na sababu ya kuogopa anayo. Lakini mtoto aliye pale pembeni anamwona baba anaficha na mama anaficha, naye anajifunza kwamba pesa ni kitu cha kufichana. Miaka ishirini baadaye kijiji kinamchagua mtoto huyo kuwa mtunza hazina, na sisi tunashangaa.

Kina mama, wakati mwingine tunaambiwa kwamba kuuliza ni kukosa utii, na kwamba sheria haijui mambo ya ndani ya nyumba. Inayajua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake, hata kama mila inasema vingine. Hiyo ilikuwa miaka kumi tu baada ya uhuru. Sheria hiyohiyo inakataza mmoja wenu kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani, kupika, kulea, kutunza, ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe aliondoka mahakamani bila kitu, kwa sababu nyingine za kesi yake. Msingi alioacha nyuma ndio unaowasaidia wanawake mpaka leo, na wengi wao hata jina lake hawalijui. Halafu ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ikampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Kwa hiyo ukimwuliza mumeo habari za shamba, hujavunja amri ya Mungu wala ya serikali.

Sheria hii ya ndoa ina doa lake, nisiifiche. Ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Mama Mkristo hahitaji kusubiri bunge ili akatae kumwoza mtoto wa miaka 15.

Nina takwimu moja tu, na inauma. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wa Iringa watoto chini ya miaka mitano waliodumaa ni asilimia 56.9. Wastani wa nchi nzima ni asilimia 30. Sisi ndio tunaolisha Dar es Salaam mahindi, viazi, nyanya na vitunguu! Tunashindwa kwenye nini? Chakula si kidogo. Mama wa kwetu analima shamba la juu msimu wa mvua, kiangazi anashuka kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni, mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba na bakuli la uji mweupe. Mayai ya kuku wa nyumbani yanauzwa gulioni. Maziwa yanauzwa. Maharage yanasubiri bei. Na anayeamua kipi kiuzwe na kipi kiliwe mara nyingi si yule anayemwona mtoto akilia njaa ya saa nne asubuhi. Mwalimu Nyerere alituachia maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Kwa mtoto aliyedumaa wote watatu wanaingia mlango mmoja, na mlango huo uko jikoni kwangu na kwako. Yai moja kwa mtoto, baba zangu, kabla ya ulanzi. Nimewaambia nitawasema kidogo, nimemaliza. Karibu nimalize.

Sisi wa Uhehe habari za uhuru hatukuzisikia kwa mara ya kwanza mwaka 1961. Kila tukienda mjini tunapita Lugalo, ambapo tarehe 17 Agosti 1891 watu wa Mkwawa, mtawala wetu Wahehe, waliliangusha jeshi la Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Oktoba 1894 Wajerumani wakarudi na mizinga, wakaibomoa ngome ya Kalenga. Mkwawa akaingia porini, akaishi huko mpaka Julai 1898 alipojiua ili asikamatwe. Fuvu lake, lililochukuliwa na Wajerumani, lilirudishwa mwaka 1954, na walimu wanawapeleka watoto wetu Kalenga kulitazama.

Haya mnayajua kuliko mimi. Kinachonishika ni ile miaka karibu minne ya porini. Wajerumani walitangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemtoa, mali ambayo mtu wa wakati ule angeweza kuiota tu. Na bado alihama hapa akaenda pale, akala, akalala. Mtu haishi miaka minne kwa matunda ya porini. Lazima kuna wanawake waliosonga ugali usiku, wakafunika, wakaufikisha, na askari walipokuja asubuhi wakasema hawajui kitu. Majina yao sijayaona kwenye kibao chochote. Mwalimu atakayewapeleka watoto Kalenga safari ijayo awaambie na hilo.

Na damu hiyo haikuishia kwa Mkwawa. Wilaya yetu hii ya Kilolo ina Mgagao, ambako miaka ya 1970 wapigania uhuru wa Zimbabwe walikuwa na kambi ya mafunzo, mpaka nchi yao ikawa huru Aprili 1980. Barabara hii iliyo nje ya kanisa ndiyo iliyopitisha malori ya mafuta kwenda Zambia, baada ya walowezi wa Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, kujitangazia uhuru wao mwaka 1965 na Zambia kubanwa. Tulikuwa maskini wa kutupwa, na tulibeba mizigo ya watu wengine.

Sasa niwaulize. Bibi zetu walimficha mtu mmoja, wakaikataa rupia 5,000. Sisi leo binti wa kumzaa wenyewe tunamkabidhi kwa nani, na kwa bei gani?

Mmenyamaza. Mnajua ninakokwenda.

Huko Dar es Salaam mtu akitaka dada wa kazi anamwambia mwenzake, "Nitafutie binti wa Iringa." Wanatusifia sana. Wanasema mabinti wa Iringa ni wachapakazi, ni wasafi, na hawajibu. Tunayasikia haya tunacheka, wengine tunajisikia fahari. Hebu lirudieni hilo la tatu. Hawajibu! Hiyo ndiyo sifa tuliyowafundisha sisi, kwa mwiko na kwa fimbo, tangu wakiwa na miaka mitano: mtoto wa kike hajibu, anainamisha kichwa, anasema "ndiyo." Halafu tunampandisha basi la alfajiri na begi dogo, tunamwambia "ukawe na adabu." Anafika kwenye nyumba ngeni. Mshahara hautoki, hajibu. Analala saa sita usiku na kuamka saa kumi, hajibu. Siku baba mwenye nyumba anapofungua mlango wa chumba chake usiku, yule mtoto anatafuta neno mdomoni na hana, kwa sababu hatukumpa.

Baadaye anarudi. Tunawaona stendi, kina mama. Mwingine karudi na ujauzito, mwingine na homa isiyoisha, mwingine karudi mikono mitupu kwa kuwa mshahara wote ulikuwa unatumwa kwenye simu ya yule aliyempeleka. Na mikoa yetu hii ya Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo inayoongoza nchini kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Nani atakayelea wajukuu? Bibi, kama kawaida.

Siwaambii mabinti wasisafiri. Mwanadamu kutafuta maisha ni uhuru wake, na wapo waliokwenda wakajenga, wakasomesha wadogo zao, Mungu awabariki. Ninachosema ni kwamba mtoto si mzigo wa kupakiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Kwa aliyefikia umri, sheria hiyohiyo inataka mwajiri aweke masharti ya kazi kwa maandishi, inampa mfanyakazi saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Dada wa kazi naye ni mfanyakazi. Na tangu mwaka 2008 tuna sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, inayomhusu huyu shangazi wa kubuni anayekuja Desemba na zawadi za vitenge akikusanya watoto wa watu.

Hajiri alipokimbia nyumba ya Sarai akiwa na mimba, malaika wa Bwana alimkuta jangwani, kwenye chemchemi, akamwuliza anatoka wapi na anakwenda wapi. Mwanzo sura ya 16. Mungu alimwuliza mjakazi maswali ambayo sisi wazazi hatuyaulizi kabla basi halijaondoka. Anakwenda wapi? Mtaa gani, nyumba ya nani, mwenyekiti wa mtaa ule ni nani na namba yake ya simu ni ipi? Mshahara ni kiasi gani, na utaingia kwenye simu ya nani? Jumapili atasali wapi? Kama anayempeleka anakasirika ukimwuliza haya, umeshapata jibu. Mshushe mtoto.

Nawarudia na nyie mama zangu ambao mna mabinti wa watu majumbani mwenu hapahapa Ilula na mjini Iringa. Mnakumbuka habari za Naamani, jemadari wa Shamu, mwenye ukoma. Aliyemponya alianza kutajwa na nani? Na msichana mdogo aliyetekwa Israeli, akawa anamtumikia mke wa Naamani. Alisema neno moja kwa mama huyo, na mama huyo akalisikiliza, akalifikisha, mpaka mfalme akaandika barua. Nyumba ya jemadari mpagani ilimsikiliza mtumwa. Ya kwako, mama wa kikundi cha maombi, inamsikiliza? Tarehe 9 Desemba wewe utakuwa mapumzikoni. Yeye?

Na shule. Tangu 2016 mtoto anasoma bila ada mpaka kidato cha nne, na Novemba 2021 serikali ikaruhusu wasichana waliojifungua warudi darasani. Nakumbuka humu kanisani kulikuwa na minong'ono, kwamba tunahalalisha dhambi. Mimi nilishukuru. Kijana aliyempa mimba hakufukuzwa popote. Alikuwa anaendelea na masomo yake na kucheza mpira jioni.

Kwa vijana nina machache, kwa sababu nyie mnasemwa kila Jumapili. Katika Luka 15 yule baba alimgawia mwana mdogo urithi akamwacha aende. Hakumfunga kamba. Kwa hiyo wazazi, kuna siku mtoto ataondoka na maamuzi yake, na dua yako ndiyo itakayosafiri naye. Lakini kijana, tazama pia kwamba yule mwana alikwenda na mali ya baba yake. Ukitaka uhuru wa kutoulizwa unarudi saa ngapi, anza kujinunulia chakula. Simu nayo ni hivyohivyo: mzazi asiipekue kama askari, na mtoto asiilalie kama mto. Inatosha.

Niingie kwenye taifa, na nianzie jirani, Isimani. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, wakati wa kuhimiza vijiji vya ujamaa, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dokta Wilbert Klerruu, alikwenda shambani kwa mkulima Saidi Mwamwindi. Wakajibizana, Mwamwindi akachukua bunduki akamuua. Kisha akajipeleka polisi, akahukumiwa kunyongwa. Wasomi na wazee wanabishana mpaka leo nani alimkosea nani. Mimi kama mama naziona nyumba mbili, zote zina watu waliokuwa wanawasubiri kwa chakula cha sikukuu. Na naona kwamba maneno yalikwisha mapema mno pale shambani. Mahali ambapo mkubwa hajazoea kujibiwa na mdogo hajazoea kusikilizwa, ugomvi una njia fupi sana ya kufika kwenye damu.

Waisraeli walipomwomba Samweli awape mfalme, aliwaambia waziwazi watakachopata. Atawachukua wana wenu waende mbele ya magari yake. Atawachukua binti zenu wawe wapishi na waokaji mikate. Atachukua mashamba yenu yaliyo mazuri. Someni 1 Samweli 8, ni hotuba ya siasa kali kuliko nyingi mlizozisikia. Watu wakasema hapana, tunamtaka. Walikuwa wamechoka kujiamulia. Uchovu huo na sisi tunao, kina mama. Tunasema "siasa ni ya wanaume", tunasema "wakubwa wanajua", tunarudi kwenye vitunguu vyetu. Halafu kisima kikiharibika tunabeba ndoo kichwani kilomita nyingi tukilalamika njia nzima, tukifika nyumbani tunanyamaza.

Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu. Wajumbe wake ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Hiyo ni wewe. Pale ndipo mapato na matumizi yanaposomwa, na ardhi ya kijiji haigawiwi kwa mgeni kwa barua ya mwenyekiti na mhuri wake tu. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Haki hizi ziliingizwa ndani ya Katiba mwaka 1984, kwa hiyo hata taifa lenyewe lilichukua zaidi ya miaka ishirini tangu uhuru kuziandika. Wewe ukichelewa kidogo kusimama nitakuvumilia. Lakini simama. Tuna Rais mwanamke tangu Machi 2021, na kwenye mikutano yetu bado wanawake tunakaa pembeni kwenye kivuli tunasuka vikapu vya milulu, tunanong'onezana maswali mazuri kabisa ambayo hayafiki mezani.

Namna ya kuuliza inafundishwa nyumbani. Mtoto aliyemsikia mama akimwuliza baba kwa heshima, "Baba Fulani, zile pesa za matenga tulipanga mbolea, imekuwaje?" na akamsikia baba akijibu bila kupandisha sauti, huyo akikua atamwuliza mtendaji wa kijiji kwa heshima ileile, na akiwa yeye ndiye mtendaji atajibu bila kuita mgambo. Ana mipaka yake tayari: hatukani, hazushi, hamvunjii jirani yake Mwislamu heshima ya dini yake, haibi kura. Hatumfundishi hayo kwa semina ya siku moja karibu na uchaguzi.

Na hapa kanisani pia. Mavuno ya mwaka huu tulitoa magunia ya mahindi, maharage, mbuzi, kuku, na kuna mama alileta tenga zima la nyanya. Tunaomba mapato na matumizi yasomwe, na yabandikwe pale ubaoni karibu na ratiba ya ibada. Baba Mchungaji anatabasamu, kwa hiyo nimesalimika.

Mkutano wa kijiji chetu umetangazwa baada ya Krismasi. Nimekubaliana na kina mama wa jumuiya yetu kwamba tutakaa mbele, vikapu vyetu tutavisuka palepale mbele, na swali la kisima tumeshaliandika kwenye daftari na tumeshachagua wa kuliuliza. Jumuiya nyingine nanyi chagueni wenu.

Kengele ya chakula haijalia, muda wa maswali upo. Naomba tubadilishe utaratibu wetu wa kila siku: waanze watoto wa kipaimara, mabinti kwanza, halafu vijana, sisi wazee tutafuata. Swali lolote, hata kama linanihusu mimi. Wewe mwenye sweta ya kijani, uliyekuwa unainua mkono halafu unaushusha, simama.